Sikio la Mahari

Siku Ngongo alipoona njia yake mpya ya utajiri, alikuwa amesimama kwenye lango la mzee Léopold, mtaani Songo, anamtukana mwenye nyumba kwa sauti ya chini.

Kumtukana mzee Léopold haikuwa hatari. Alikuwa dereva wa malori kwa nusu ya maisha yake, injini zilimchosha masikio, na kila aliyefika kwake alijua utaratibu: salamu unazipaza, ukweli unausemea kifuani. Ngongo alikuja kuomba arudishiwe Olga, binti wa mzee. Alikuwa amekaa na Olga miaka mingi bila kumpelekea baba yake hata kuku mwenye kikohozi, mpaka mzee alipochoka, akaja na kitoroli, akapakia binti, godoro na sufuria, akarudi navyo kwake.

"Baba mukwe!" Ngongo alipaza. "Minye niko nakuheshimu sana!" Kisha akamwinamia Olga, aliyekuwa anapeta mchele karibu na lango, akanong'ona: "Kizee hiki kitakufa na roho yake mbaya."

"Nitakufa," mzee alijibu kutoka upande wa pili wa kiwanja, bila kuinua macho kwenye redio aliyokuwa anaitengeneza, "lakini kwanza nitakula ng'ombe zangu."

Ngongo alimwangalia mzee. Akamwangalia Olga. Olga aliweka ungo chini ili acheke vizuri.

"Ameweka kimashine mu sikio," alisema. "Kadogo kama punje ya haragi. Usipochungulia, haukione. Na bei yake ni ya watu kama siye. Ameinunua kwa Fanny, nyuma ya famasi, kule anapimaka watu masikio."

"Na anasikia mpaka hapa?"

"Si umemusikia akikujibu? Hata weye ungeenda akupime. Mwaka muzima nilikuwa nakusemesha, unanijibu 'eeh' kama muntu anaongea na simu. Sikurudi huku juu ya mahari peke yake, Ngongo. Nilichoka kuongea na kabati."

Mwanaume mwingine angeona aibu mara mbili, moja kwa ajili ya mzee na moja kwa ajili ya kabati. Ngongo aliona biashara.

Maana Ngongo, kwa kazi, alikuwa msemaji wa mahari. Mjini Uvira, familia ikitaka kumwolea kijana wake, haimtumi baba wa kijana. Baba anabaki nyumbani anazunguka chumba. Inamtuma mtu mwenye ulimi, na ulimi wa Ngongo ulikodishwa kutoka Kalundu mpaka Kavimvira. Angeweza kumsifu binti ambaye hajawahi kumwona mpaka mama yake mzazi aulize ni nani huyo. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho ulimi haukukiweza. Katika kila posa, bei inapofika pagumu, wenye binti wanainuka, wanaomba ruhusa, wanatoka nje kushauriana. Wanasimama kando ya nyumba vichwa vikiwa pamoja, wananong'ona, wanakubaliana mwisho wao ni ng'ombe wangapi. Kisha wanarudi na nyuso za watu waliofiwa na kutaja idadi nyingine kabisa.

Mnong'ono ule ndio uliokuwa na mali yote. Kama mtu angeusikia!

Ngongo alimuaga Olga kwa haraka isiyo ya mtu aliyekataliwa. "Nitakulipia," alisema. "Safari hii nitakulipia kweli."

"Eeh," Olga alijibu, kama kabati.

*

Chumba cha Fanny kilikuwa kidogo, na nje hakikuwa na kibao chochote. Wateja wake hawakupenda kuonekana wakiingia, kwa hiyo wengi walipitia famasi, wakanunua dawa ya minyoo wasiyoihitaji, ndipo wakateleza nyuma. Ngongo naye aliingia na dawa ya minyoo mkononi na mkono mwingine nyuma ya sikio.

"Habari, papa," Fanny alisema.

"Haa?"

"Shida iko wapi?"

"Ndiyo, nilikula asubuhi."

Fanny, msichana mtulivu mwenye miwani, alimkalisha na kumvalisha vizibo vikubwa vya kupimia. "Ukisikia mulio, inua kidole." Ngongo alifumba macho kama mtakatifu. Milio ikaja, mikubwa kwa midogo, na kidole kikabaki kwenye goti. Mwishowe ukaja mlio uliofanya mbuzi wa jirani alie. Kidole hakikucheza.

Fanny alimvua vizibo, akaandika kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe, kichwa chake kimegeukia kabatini: "Huyu masikini ningemupunguzia bei."

"Mpaka ngapi?" Ngongo aliuliza.

Fanny aliweka kalamu chini.

"Papa," Fanny alisema, "hii kimashine si ya kiziwi. Kiziwi kabisa haiwezi kumusaidia. Iko kwa muntu ambaye masikio yamechoka kidogo tu. Sasa rudi kwenye kiti, na safari hii usinichezee."

Akampima tena, na Ngongo, kwa kuwa hakuwa na mchezo mwingine uliobaki, akainua kidole kila aliposikia. Fanny akatikisa kichwa. "Kumbe iko kitu kweli. Sikio la kushoto. Sauti ndogondogo zinakupita: mulio wa ndege, muntu anayeongea akiwa amekupa mugongo. Bibi yako hajalalamika?"

Ngongo alifurahi mno. Nimeidanganya hata mashine bila kujaribu, alijisemea. Akalipa, na kwa kweli bei haikumuumiza. Fanny akamtia kile kidude sikioni, akamwonyesha kioo, na Ngongo hakuona chochote ila Ngongo.

"Kitu kimoja," Fanny alimwambia mlangoni. "Ukikifunika na mukono, ao ukiegemeza sikio ku ukuta, kitapiga filimbi. Filimbi nyembamba. Usiogope, ondoa tu mukono."

"Nimesikia," Ngongo alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ilikuwa nusu ya ukweli, kwa sababu alisikia lakini hakusikiliza. Nje dunia ilikuwa imejaa vitu. Mafuta yalikuwa yanachachatika chini ya ndagala, vile visamaki vya ziwani. Wanawake wawili ng'ambo ya barabara walikuwa wanamsema mtu. Kiatu chake cha kulia, ambacho alidhani ni cha kifahari, kilikuwa kinalia kama kifaranga kila hatua, na inaonekana kilikuwa kinalia hivyo tangu akinunue.

*

Windo lenyewe lilitoka Sange. Mzee Damien alilima mpunga kule uwandani, na kijana wake Tumaini alitaka kumwoa Providence, binti wa mtaa wa Kimanga, hapa mjini. Damien aliogopa watu wa mjini kama wengine wanavyoogopa kiboko: hakuwa amewahi kung'atwa, lakini alikuwa amesikia mengi. Ngongo alimwongezea.

"Watu ya Kimanga?" Ngongo alifyonza meno. "Muzee, wale wanahesabu hadi viatu ya binti tangu alipoanza kutembea. Bila ng'ombe nane hautoke."

"Nane!"

"Na nane ni kwa sababu nitasema minye. Akienda mwingine ni kumi na mbili, na matusi."

Siku hizi ng'ombe wa mahari hawana mikia. Wanakaa ndani ya bahasha. Damien alijaza bahasha ya ng'ombe wanane, akaifunga kwa uzi, akaitoa kama mtu anayetoa jino. "Usinirudishie kitu," alisema. "Nachotaka ni mukamwana. Wakichukua kidogo, kinachobaki ni mushahara yako. Lakini usiporudi na jibu la ndiyo, utanirudishia yote, hata uzi."

Ngongo alishika kifua kwa heshima. Moyoni alikuwa ameshapiga hesabu. Angesikia mnong'ono, angelipa kile kidogo ambacho wenye binti wenyewe wamekubali, na kinachobaki kingepanda Songo moja kwa moja mpaka kwa mzee Léopold. Olga angerudi nyumbani kwa ng'ombe wa mpunga. Hakuna aliyeibiwa, alijisemea. Ni kusikia tu, na kusikia hakuna polisi anayekukamatia.

*

Siku ya posa, ujumbe wa muoaji uliingia Kimanga ukiwa na kreti mbili za bia, Ngongo mbele, na wajomba wawili wa Tumaini nyuma yake. Wajomba walikuja kwa ajili ya desturi na kwa ajili ya samaki aina ya mukeke wa kukaanga. Kusema haikuwa kazi yao, nao waliifanya vizuri kazi hiyo ya kutosema.

Upande wa binti, aliyezungumza ni Bigirimana, baba yake mdogo, mtu mpole mwenye koti kubwa kuliko yeye. Aliyefikiri ni Mama Generose, shangazi wa binti, muuza ndagala sokoni Mulongwe, aliyekaa kimya pembeni na kitambaa chake cha kichwa kimefungwa chini mpaka kwenye shingo.

"Mutaniwia radhi," Ngongo alisema, akijipepea, "minye joto inanizidi. Nikae hapa karibu na dirisha." Akakaa. Akaanza.

Akamsifu Providence mpaka Bigirimana akapangusa jicho. Akasifu lango. Akasifu mukeke kabla hajaletwa. Akasema wamekuja kuomba ua moja tu katika bustani hii, na kwa hilo wameleta ng'ombe watatu.

"Tatu," Bigirimana alirudia, kwa huzuni. "Sisi tulikuwa tunawaza kumi."

"Kumi, baba? Tumeomba binti, hatukuomba na nyumba."

Wajomba walicheka. Bigirimana akamwangalia dada yake, Generose akainuka, na wenye binti wote wakatoka nje kushauriana, wakasimama mahali pale pale watu wote wa nyumba ile husimama, ukutani, chini ya dirisha.

Ngongo aliegemeza kichwa mkononi kama mtu aliyechoka na safari. Sauti zikamjia zimepangwa vizuri, moja moja.

"Tatu ni matusi," alisema Bigirimana.

"Ni mwanzo tu," alisema Generose. "Kijana ni muzuri, binti anamupenda, anamulilia kila siku. Wakifika tano, tunashukuru Mungu."

Tano! Ngongo alifunika sikio kwa kiganja chote ili asipoteze hata pumzi. Tano kwao, tatu kwa mzee Léopold. Alimwona Olga akishuka Songo na sufuria zake.

Na hapo ndipo filimbi ilipolia.

Ilikuwa nyembamba kama mbu. Bigirimana hakuisikia, wajomba hawakuisikia. Ngongo aliisikia, akaondoa mkono haraka, akaona hakuna aliyegeuka, akaurudisha. Lakini nje, Mama Generose alikuwa ameacha kusema. Mkono wake uliingia chini ya kitambaa, ukagusa kitu nyuma ya nywele. Kilikuwa kimya. Filimbi haikuwa ya kwake.

Maana Mama Generose naye alikuwa amepitia nyuma ya famasi. Kelele za soko zilikuwa zimeanza kumla. Wateja walimtajia bei ya chini naye akaitikia bila kujua, na siku moja aliuza beseni zima la ndagala kwa bei ya kikombe. Fanny akamtia kile kidude, kitambaa kikakifunika, na hata waume wa binti zake hawakujua. Alikuwa amepigiwa filimbi ile kila alipolalia upande mmoja. Sasa filimbi ililia tena, kutoka dirishani. Generose alinyoosha shingo kidogo, akaona kiganja cha msemaji kimefunika sikio, na kiwiko chake kimetoka nje ya dirisha kama mtu anayeendesha gari.

Hakukasirika. Wanawake wa soko hawakasiriki mapema, ni hasara.

Alisogea mpaka kwenye ukuta, akamvuta kaka yake koti, akaanza kunong'ona kwa ile sauti ya siri ambayo mtu huitumia akitaka asikike.

"Bigirimana, tusijisumbue na tano. Unamusahau Lionel?"

"Lionel gani?"

Akamfinya. "Lionel wa Bujumbura! Mwenye malori! Si anakuja kesho na ng'ombe kumi na tano?"

"Ah—aïe. Eeh. Lionel."

"Sasa hawa watu ya Sange tutawafukuza namna gani bila aibu? Sikia. Tuombe saba. Hawawezi. Watakasirika, watabeba bia yao, wataenda. Kesho tunamupokea Lionel. Lakini tuombe Mungu wasikubali, maana wakisema ndiyo, neno limeshatoka, tumefungwa."

Ndani, Ngongo alikuwa ameanza kutokwa jasho la kweli. Lionel! Malori! Posa ikivunjika, bahasha inarudi Sange pamoja na uzi wake, na Songo hapatapanda hata mkia. Akafikiri upesi, na kila alivyofikiri upesi ndivyo alivyojiona mwerevu. Wanataka nikatae? Sasa nitakubali! Saba inaniachia ng'ombe mmoja, na mmoja ni wa kuanzia. Nitawafunga kwa ulimi wao wenyewe. Karibu awahurumie.

Wenye binti wakaingia, nyuso za msiba, wakakaa. Bigirimana akakohoa.

"Wageni wetu," alisema, "tumeshauriana. Tumeona kwamba—"

"Saba, tumekubali!" Ngongo aliruka kutoka kwenye kiti. "Tumekubali mbele ya Mungu na mbele ya hii mashahidi, na hakuna kurudi nyuma!"

Mjomba mmoja alikuwa amepeleka chupa mdomoni, ikabakia pale.

"Saba gani?" Bigirimana aliuliza. "Minye sijataja kitu."

Ngongo alifungua mdomo. Ule mdomo maarufu, uliokodishwa kutoka Kalundu mpaka Kavimvira, ulitoa kikohozi tu.

"Amejua je?" mjomba wa kwanza alimwuliza wa pili.

Ni Mama Generose aliyeinuka. Alimwendea Ngongo polepole, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na uso wake ulikuwa wa mtu aliye kanisani.

"Wapendwa," alisema, "leo tumetembelewa. Huyu mukwe wetu iko na karama. Ameona idadi mu roho kabla haijatamkwa. Ama namna gani, mukwe? Ni roho, ao iko njia ingine ulijua? Utuambie, tuko wote hapa."

Ngongo alitazama dirisha, kisha wajomba, kisha mlango, ambao Bigirimana alikuwa amekaa mbele yake bila kukusudia.

"Ni... roho," alisema.

"Sifa kwa Bwana!" wakasema wajomba.

"Basi roho huyo huyo," Generose aliendelea, bila kumwachia mkono, "amekuonyesha pia ng'ombe ya shangazi. Ile ya kunishukuru juu ya kumulea binti. Umemuona?"

"Shangazi..."

"Funga macho, mukwe. Angalia vizuri."

Ngongo alifumba macho. Ndani ya giza aliona ng'ombe mmoja, wa mwisho, mweupe, akipanda njia ya Songo. Akamwona akisimama, akigeuka, akirudi Kimanga.

"Nimemuona," alisema.

Vigelegele vikalipuka. Bahasha ikafunguliwa na kubaki uzi. Jikoni, Providence aliruka mpaka akamwaga chumvi, na mukeke waliletwa. Wajomba walikula na kusimuliana tena na tena kuhusu karama, na kuazimia kumweleza Damien kwamba kwa mtu huyu ng'ombe wanane walikuwa bei ya bure.

Wakati wa kuaga, Ngongo alitembea nyuma ya wengine, kiatu kikilia. Alikuwa ameshafika kwenye lango Generose aliposema kutoka mlangoni pa nyumba, ng'ambo ya uwanja mzima, kwa sauti ambayo haingemwamsha kuku:

"Mukwe, umesahau kofia."

Ngongo akageuka. Hakuwa na kofia. Hakuwahi kuwa nayo. Generose alikuwa amesimama peke yake, ameinua pindo la kitambaa kwa kidole kimoja, na nyuma ya nywele kulikuwa na punje ndogo ya haragi.

"Na Lionel?" Ngongo aliuliza, polepole vile vile.

"Lionel gani?" alisema Mama Generose, akashusha kitambaa.

*

Alipanda Songo bila kitu. Aliongea mwenyewe, maana msemaji hakuwa na pesa ya kukodi msemaji. Mzee Léopold alimsikiliza mpaka mwisho, na kwa vile mara hii Ngongo hakusifu lango wala bustani bali alisema tu kwamba anamtaka Olga na kwamba mfuko ni mtupu, hotuba ilikuwa fupi.

"Tutatoka inje kidogo," mzee alisema, na akamshika mama Olga mkono.

Wakasimama kando ya nyumba. Ngongo alikaza macho sakafuni. Hakuegemea popote, hakufunika kitu. Maneno yalikuja yenyewe.

"Tumupe tu bibi yake," mama Olga alikuwa anasema. "Binti hakuli chakula vizuri tangu aje. Hata mbuzi mbili, ya heshima, inatosha."

"Mbuzi mbili," mzee alikubali. "Lakini nitamutajia ng'ombe sita, nimuogopeshe. Ataomba tupunguze, tutapunguza."

Ngongo nusura aruke. Mbuzi wawili! Kisha akasimamisha furaha yake kama mtu anayesimamisha baiskeli mbele ya shimo. Mzee huyu ana kimashine. Anakijua. Mbona wamesimama karibu hivi? Mbona mama ananong'ona vizuri hivi, kila neno limeoshwa? Kama ni mtego, nikitaja mbuzi, nitakuwa nimejitangaza. Kama si mtego... Lakini kwa hesabu kama hizi ndipo aliponaswa Kimanga.

Mzee Léopold aliingia, akakaa, akakunja uso mpaka akaonekana kama mtu mwenye jino linalouma.

"Ng'ombe sita," alisema, akangoja.

Mama Olga naye alingoja. Nyuma ya pazia Olga naye alingoja, akipumua. Sauti ndogo, ya mtu aliyekupa mgongo, ambayo miaka yote ilikuwa inampita Ngongo.

"Sita," Ngongo alisema, "nimekubali. Nitaleta polepole, moja moja, mpaka ziishe."

Mzee Léopold alimwangalia mkewe, akagonga kile kimashine sikioni, kama mtu asiyeamini alichosikia.

Jioni, Ngongo alisukuma kitoroli kuteremka kuelekea kwake, kikiwa na godoro na sufuria, Olga akitembea kando na kuzungumza, na Ngongo akimjibu kila neno, mpaka Olga mwenyewe akasimama akamtazama.

"Lakini weye ni muntu wa namna gani? Baba angekubali mbuzi mbili!"

"Nilisikia," alisema Ngongo.

"Ulisikia! Sasa juu ya nini ukakubali sita?"

Ngongo alisukuma kitoroli kidogo kabla ya kujibu.

"Juu ya nilisikia," alisema.